Taa Inawaka, Maji Hayaji

Karakana ya Wamae, Gatitu
3 Septemba 2024

Fundi Gikunda,

Nakusalimu, na nikiingia kwa shida moja kwa moja usione ni kukosa adabu. Nimekupigia wiki nzima, simu haiingii. Ndipo nikakumbuka dada yako Kaari ana duka hapo Chogoria, nikatafuta namba yake. Akaniambia simu yako uliizima tangu Juni ulipoacha kazi hapa, ukaifungia kwa sanduku, lakini nikituma karatasi kwa ofisi ya vifurushi atakuletea mpaka shambani. Basi hii ndiyo karatasi.

Ni ile CNC, mashine yetu ya kukata chuma kwa kompyuta. Maji ya kupozea yananichezea. Programu ikifika pale pa M8, amri ya kufungua maji, taa ya maji inawaka kwa paneli kama kawaida, halafu hakuna kitu kinatoka. Siku nyingine yanatoka vizuri mpaka katikati ya kazi, kisha yanakatika yenyewe, na taa bado inawaka. Kwa vile mlango umefungwa na kioo kimechafuka, sijui lolote mpaka nisikie kisu kikilia. Nimevunja visu vinne tangu Agosti. Shafti moja ilipata joto mpaka ikageuka rangi ikawa samawati, na ilikuwa imebakisha mfereji mmoja tu wa kuchonga iishe.

Tuko na shafti thelathini na mbili za kuzungushia mashine za kumenyea kahawa, za viwanda vya upande wa Othaya. Zinatakiwa kabla watu waanze kuchuma. Nimemaliza tisa.

Mzee Wamae hapigi kelele, unamjua. Anakuja anasimama nyuma yangu, anasema, "Wakati wa Gikunda haikuwa hivi." Kisha anarudi ofisini. Ningependa apige kelele. Moffat naye anaosha vipande huku akisema hii mashine iko na pepo, tuite pasta.

Wewe ndiye ulinifundisha, na kwa miaka miwili sikukuona ukihangaika na maji hata siku moja. Niambie nianzie wapi.

Wako,
Murugi


Chogoria
6 Septemba 2024

Murugi,

Karatasi yako niliipata jana. Mwandiko huu ni wa Kaari. Mimi nilijikata kiganja na panga nikifyeka migomba, siwezi kushika kalamu. Mimi nasema, yeye anaandika, kwa hivyo ukiona neno la ufundi limeandikwa ovyo ujue ni yeye. (Si ovyo. Kaari.)

Anza na mambo rahisi. Angalia maji kwa tangi, kwa sababu yakipungua lile boya linashuka na kukata pampu. Toa chujio ulioshe; huwa linashika unga wa chuma mpaka linaziba kabisa. Halafu toa kile kitufe cha maji kwa otomatiki, ukiweke kwa mkono. Maji yakija vizuri kwa mkono na yakakataa kwa programu, shida ni relei, ile swichi ndogo inayopokea amri ya programu. Kuna relei ya taa ya ndani iko kando yake, ni aina moja. Zibadilishe nafasi uone kama shida itahama.

Kama pampu inazunguka lakini maji ni hafifu, muulize Moffat kama kuna mtu aligusa nyaya kuu. Nyaya mbili zikibadilishana, ile pampu inazunguka kinyume, nayo hailalamiki.

Mfuniko wa chini, ule wa nyuma ya tangi, usiufungue. Huko hakuna kitu cha maana, ni nyaya tu, na sakafu ya pale huwa na maji. Nimekaa na hiyo mashine miaka sita na sikuhitaji kufungua pale.

Mwambie Mzee Wamae kazi unaijua. Mimi niko sawa. Ni majani chai na ng'ombe wawili.

Gikunda


Gatitu
11 Septemba 2024

Fundi Gikunda,

Pole kwa kiganja, na asante, Kaari, mwandiko wako unasomeka kuliko wa kaka yako.

Nimefanya yote. Tangi limejaa. Boya nimelipandisha na kulishusha kwa mkono, linafanya kazi. Chujio nimeosha, nikatoa uchafu kama uji. Pampu inazunguka upande wake. Kitufe nikikiweka kwa mkono, maji wakati mwingine yanakuja, wakati mwingine yanakataa, sawasawa na kwa programu. Relei nimeibadilisha na ya taa, na shida haikuhama. Nikitega sikio naisikia relei ikibofya kila mara. Kwa hivyo amri inatoka, inapita kwa relei, na inapotelea kati ya relei na ile swichi kubwa ya sumaku inayowasha pampu.

Sasa sikiliza hili. Jana nilikasirika nikafunga mlango wa mashine kwa kishindo. Maji yakaja. Nikajaribu tena mara kumi, mara saba yakaja. Mahali fulani kuna kitu kimelegea, na kinatingishika mlango ukigonga. Nataka kufuata waya tangu kwa relei mpaka kwa pampu, hata ukipita nyuma ya tangi. Najua umenikataza. Nitangoja Jumamosi ya tarehe 21, mzee akiwa kwa harusi Karatina, ili nisiharakishwe.

Mzee amenionyesha barua ya kuomba kazi, ya mtu wa Kutus anayejua hizi mashine. Anaweza kuanza Oktoba. Hakusema ataanza mahali pa nani.

Halafu nikuulize kitu. Nilipekua daftari la kazi la mwaka jana nione ulikuwa ukivunja visu vingapi. Viwili, mwaka mzima. Lakini kila shafti ilikuchukua dakika hamsini na kitu. Mimi, maji yakitoka, nachukua thelathini, na wewe ndiye mwalimu wangu. Ulikuwa unafanya nini na hizo dakika ishirini?

Murugi


Chogoria
13 Septemba 2024

Murugi,

Mwandiko huu ni wangu. Unaona unavyoyumba. Sikujikata na panga.

Ni mikono. Ilianza mwaka juzi, kati ya vidole, kuwasha tu. Baadaye ngozi ikakauka ikawa kama gome, ikapasuka, na kila nikiingiza mkono kwa yale maji meupe ya kupozea, yenye mafuta, nilikuwa nasikia kama nimeshika makaa. Glavu huwezi kuvaa karibu na kisu kinachozunguka, unajua, mimi mwenyewe ndiye nilikukataza. Nilipaka kila kitu walichoniuzia kwa duka la dawa. Nilikuwa nakuja kabla yenu na kuondoka baada yenu, mikono mfukoni.

Ungesema nimwambie Wamae. Nilimwona Theuri alivyomwambia kuhusu mgongo wake. Aliambiwa apumzike kidogo. Amepumzika mpaka leo.

Kwa hivyo nilifanya hivi. Nilinunua swichi ya kuwashia taa ya nyumba, ile nyeupe ya kawaida, nikaja Jumapili watu wakiwa kanisani. Nilikata waya unaotoka kwa relei kwenda kwa swichi ya sumaku nikapitisha kwa swichi yangu, nikaificha nyuma ya tangi ndani ya ule mfuniko, mahali mkono wangu unafika nikiinama kama mtu anayeokota kitu. Nikiizima, taa ya paneli inaendelea kuwaka. Wamae akipita anaona taa, anajua maji yanatoka. Nami nakata chuma kikavu, polepole, kwa kupuliza upepo. Hizo ndizo dakika ishirini zako.

Nilipoondoka niliiacha imewashwa nikafunga mfuniko. Nilidhani itakaa hivyo milele. Lakini ile ni swichi ya sebuleni, haikutengenezwa kukaa kwa unyevu. Bila shaka ndani imeshika kutu.

Usiiguse mashine ikiwa na umeme. Zima swichi kubwa ya ukutani, si ile ya paneli, na ungoje. Toa swichi yangu, unganisha waya ulivyokuwa. Mwambie Wamae umekuta waya umelegea. Si uongo mkubwa, na utamaliza shafti zako.

Nilikwambia usifungue pale kwa sababu yangu, si kwa sababu yako. Nisamehe.

Gikunda


Gatitu
17 Septemba 2024

Fundi Gikunda,

Nimengoja jibu lako, halijafika. Nilidhani nitangoja hadi tarehe 21 lakini jana maji yalikataa kabisa, hata kwa kugonga mlango. Shafti ya kumi na nne iko ndani, nusu. Nikafungua mfuniko wa nyuma.

Nilikuwa nimeiacha mashine ina umeme ili nisikie relei. Hilo ni kosa langu. Niliona waya mweupe ambao si wa mashine, waya wa nyumba, nikaufuata kwa vidole. Mkono ukatupwa nikagonga kichwa kwa tangi. Bega lilikufa ganzi mpaka saa kumi. Niko mzima, usishtuke. Moffat ndiye alikimbia kuzima umeme ukutani, akanivuta nikakaa chini, akaniletea chai na sukari vijiko vingi.

Mwisho wa ule waya kuna swichi ya taa ya nyumba. Imefungwa kwa skrubu mbili, kazi safi, mtu alichukua muda wake. Mzee Wamae aliinama akaiangalia kwa dakika nzima. Kisha akauliza, "Nani hapa hufunga stima za nyumba?"

Kila mtu anajua ni Moffat, Jumamosi zote. Na kwa boksi lake kulikuwa na swichi tatu za aina hiyohiyo. Moffat akasema, "Mzee, hizo ni za kazi ya Jumamosi. Hii mimi sijui. Hii hata siwezi kuieleza." Wamae akamwambia, "Basi nenda nyumbani mpaka upate maelezo."

Mimi sikumtetea. Nilikuwa nimekasirika, bega likiniuma, na niliamini. Nilifikiri Moffat alitaka nionekane sijui kazi, ili apewe mashine.

Leo nimetoa swichi, nimeunganisha waya. Maji yanatoka kama mto. Lakini sina raha. Moffat akinivuta pale chini alikuwa anatetemeka kuliko mimi. Mtu aliyetega kitu hatetemeki hivyo, ama nadanganyika? Wewe ulikaa naye miaka. Uliwahi kumwona nyuma ya lile tangi?

Murugi


Chogoria
19 Septemba 2024

Murugi,

Barua yangu ya tarehe 13 haijakufika. Nimeenda ofisi ya vifurushi. Wanasema iko Embu, au ilikuwa. Kwa hivyo naandika tena, kwa ufupi.

Ile swichi ni yangu. Niliiweka mimi, peke yangu, kwa sababu nilizosema kwa barua iliyopotea. Moffat hakujua na hana hatia hata kidogo.

Katika barua hiyo nilikuomba umwambie Wamae ni waya uliolegea. Ikikufika, hapo pavuke. Usimwambie hivyo.

Nimewasha simu. Nimempigia Wamae mara tatu hajashika. Wewe sijakupigia. Nimesoma kuhusu bega lako na sijui ningeanza na neno gani.

Ndani ya bahasha hii kuna barua ya pili, ya Wamae. Nimeiacha wazi uisome kwanza. Mpe mkononi, na kama unaweza, Moffat awe amesimama hapo.

Gikunda


Gatitu
25 Septemba 2024

Fundi,

Najua simu yako iko hewani. Haya siwezi kuyasema kwa simu.

Barua zako mbili zilifika siku moja, Ijumaa, ya Embu ikiwa imelowa pembeni. Nilizisoma nimeketi kwa kreti ya visu. Kwanza nilikasirika sana. Unaweza kunificha mikono, ni mikono yako. Lakini ulinifundisha mashine yenye mtego ndani, ukaniachia, na nilipokuuliza ukanituma kuosha chujio. Ningekufa nikiwa nimekuamini. Hilo nimeliandika ili lisibaki moyoni, sasa naendelea.

Nilienda kwa Moffat Jumamosi asubuhi, kule chini ya barabara. Nilimwambia nilimdhania vibaya. Alisema, "Si wewe peke yako." Mke wake alikuwa ameulizwa sokoni kama ni kweli mumewe alitaka kuua msichana wa watu na stima. Nikamwomba aje nami Jumatatu. Alikataa, kisha akaja.

Mzee Wamae alisoma barua yako akiwa amesimama mlangoni mwa ofisi. Akarudia ukurasa wa kwanza. Nilidhani atairarua. Akasema, "Moffat, pole. Nilikosea, na nilikosea mbele ya watu, kwa hivyo nasema mbele ya watu." Halafu akatuita sote watano kwa ile meza ndefu.

"Wekeni mikono hapa. Juu na chini."

Hakuna mtu aliyetaka kuwa wa kwanza. Moffat akaweka. Yeye ndiye huosha vipande, na kati ya vidole vyake palikuwa pekundu, pamechubuka. Sheila wa kupima alikuwa na mabaka kwa kifundo. Na mimi nikaweka yangu.

Ndiyo, fundi. Inaniwasha tangu Julai. Nilikuwa nalala nimejipaka mafuta ya mgando, mikono ndani ya soksi. Sikukuambia, sikumwambia mtu, kwa sababu ileile yako. Watu watatu kati ya watano, na kila mmoja alidhani ni yeye tu.

Nikaazima kile kipimo cha kuchungulia kwa mwalimu mmoja wa chuo cha ufundi, kile unatia tone moja unasoma ni mafuta kiasi gani kwa maji. Mtungi wa mafuta umeandikwa kati ya tano na saba kwa mia. Sisi tulikuwa na kumi na nane. Maji hukauka, mafuta yanabaki, na kila tukiongeza tunaongeza na mafuta mengine. Hata mlango wa mashine ulikuwa unateleza kwa hayo mafuta na sisi tunaona ni kawaida. Mzee akasema, "Ni mimi niliwaambia muongeze, vyuma visishike kutu." Tulimwaga tangi lote kwa mapipa, tukalisugua, tukachanganya upya kwa kipimo. Sasa kila Jumatatu nasoma namba, naiandika ukutani kwa kalamu nzito, kila mtu aione. Leo ni sita.

Shafti zimebaki kumi na moja, na nazimaliza wiki ijayo. Mtu wa Kutus mzee hajamtaja tena.

Amesema nikuandikie hivi, maneno yake: urudi. Ikiwa mikono haiwezi kwa mashine, kuna kompyuta ya ofisi ya mbele na michoro imerundikana, na hakuna anayeandika programu kama wewe. Hata Theuri mzee amempigia simu, sijui waliongea nini, lakini aliongea naye akiwa nje kwa muda mrefu.

Moffat anasema hataki barua ya msamaha kutoka kwako. Anataka uje useme nyumbani kwake, mke wake akisikia.

Bega limepona.

Murugi


Chogoria
30 Septemba 2024

Murugi,

Nimekaa na barua yako siku nne. Ile sehemu uliyoandika ili isibaki moyoni, imefika, na ni kweli. Nilikuona kwa akili yangu umelala chini ya tangi kila nilipofunga macho wiki hiyo.

Ijumaa nilienda Embu kwa daktari wa ngozi. Ilikuwa mara ya kwanza kumwonyesha daktari wa kweli, si mwenye duka la dawa. Nilimwambia habari ya kumi na nane kwa mia, nikitumaini atasema basi, yakipimwa sawasawa unaweza kurudi. Amesema hapana. Ngozi yangu imeshayakataa hayo mafuta, hata kwa tano, hata kwa tatu. Wewe, Moffat na Sheila mtapona, mliwahi. Mimi nilikaa nayo sana. Nilimuuliza mara mbili kwa maneno tofauti. Nilipotoka nilikaa kwa benchi la nje mpaka Kaari akaniuliza kama naumwa tumbo.

Kwa hivyo ile mashine sitaigusa tena. Ningesema mapema, labda ningekuwa bado nayo. Hilo nalibeba mwenyewe.

Mwambie Mzee Wamae nimekubali kazi ya ofisi ya mbele. Nitafika Jumatatu tarehe saba. Ng'ombe atabaki nao Kaari, ingawa anasema kwa kuandika ile barua yangu bure alikuwa amefanya ya kutosha.

Kabla ya kuingia karakana nitapita kwa Moffat. Nitaenda Jumapili jioni, wakiwa wametoka kanisani na majirani wakiwa nje. Nitaongea na mke wake kwanza, kisha na yeye, na sitaongea kwa sauti ya chini.

Nawe, usinipishe kwa mashine eti kwa sababu nilikuwa mwalimu wako. Ni yako sasa. Programu zangu wewe ndiye utazipokea. Zingine zitakuwa na makosa, kwa sababu nitaandika bila kusikia chuma. Ukikuta kosa, usinirekebishie kimya kimya kwa heshima. Niite kutoka huko kwa mashine, kwa nguvu, hata kama Wamae amesimama kando yako.

Gikunda